Mirunda ya Mfupa: Mafunzo Niliyopata Nikisokota Nyuzi za Kolajeni

Kaka yangu alivunjika muundi mwaka niliokuwa namaliza shahada ya kwanza ya kemia. Bodaboda aliyopanda iligongwa kwenye Barabara ya Musoma, nje kidogo ya Mwanza, na kipande cha mfupa chenye urefu wa kidole gumba kikapotea palepale. Ngozi hushonwa, na mfupa uliopasuka ukifungwa chuma huungana wenyewe. Lakini pengo la namna ile mwili hauwezi kulivuka bila msaada. Daktari alichota mfupa kwenye nyonga yake akajazia. Mguu ukapona. Miezi minane baadaye nilimkuta anajigeuza kitandani kwa shida, nikamwuliza kama mguu bado unamsumbua.

"Mguu nimeshausahau," alisema. "Nyonga ndiyo hainipi usingizi."

Mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe ungali kipimo ambacho sisi wote tunajilinganisha nacho, kwa sababu una seli hai na mwili hauukatai. Ila hauchoteki mwingi, na humwachia kidonda cha pili mtu aliyeingia hospitali na kimoja. Tangu siku ile, miaka 11 sasa, kwanza Ulaya na baadaye nyumbani, nimekuwa nikitafuta kitu cha kuweka kwenye pengo badala ya nyonga ya mtu. Nyenzo niliyoishikilia ni nyuzi za kolajeni. Haya ndiyo niliyojifunza, mengi yake kwa kukosea.

1. Mfupa ni mpangilio kwanza, madini baadaye

Nilianza nikiamini kwamba mfupa ni kalsiamu. Loweka mfupa wa paja la kuku kwenye siki kwa siku kadhaa: asidi itaondoa madini, na utabaki na kitu chenye umbo kamili la mfupa lakini kinachopindika kama mpira. Hicho kwa sehemu kubwa ni kolajeni. Mwingine uchome motoni mpaka uwe mweupe: sasa kolajeni imeungua, madini yamebaki, na unaweza kuusaga kwa vidole. Kwa uzito, mfupa ni karibu theluthi mbili madini. Kinachobaki ni maji na protini, na katika protini hiyo tisa ya kumi ni kolajeni ya aina ya kwanza. Mafundi ujenzi watanielewa upesi: madini ni zege, kolajeni ni nondo.

Ila nondo hizi zimepangwa kwa usahihi wa kushangaza. Molekuli moja ya kolajeni ni nyuzi tatu za protini zilizosokotana kama kamba, urefu wake nanomita 300 hivi, unene nanomita 1.5. Kila asidi amino ya tatu ni glisini, ndogo kuliko zote, kwa kuwa hakuna nyingine inayoenea katikati ya msokoto. Molekuli hizo hulala sambamba, kila moja ikiwa imesogea mbele kidogo ya jirani yake, na mpangilio huo hujirudia kila nanomita 67. Kati ya mwisho wa moja na mwanzo wa ile inayoifuata hubaki nafasi ya nanomita 40 hivi. Humo ndimo madini ya mfupa hupenya, yakaanza kukua kama vibamba vyembamba vya nanomita chache tu.

Kwa hiyo kolajeni iliyopoteza mpangilio wake ni nyenzo nyingine kabisa, hata kama vipimo vya kemia vinasoma vilevile. Nililiandika hilo kwenye daftari mwezi wa kwanza. Kuliamini kulinichukua miaka mitatu.

2. Joto halina msamaha

Kano la nyuma ya mguu wa ng'ombe nalitoa machinjioni asubuhi. Nalisafisha, nalikatakata, nalilowesha kwenye asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, pamoja na kimeng'enya cha pepsini, kwa nyuzi joto 4. Baada ya siku mbili tatu napata ute mzito usio na rangi. Nikiutia chumvi, kolajeni hujikusanya kuwa mabonge meupe, nayo naiyeyusha upya na kuisafisha tena.

Siku moja umeme ulikatika adhuhuri, jenereta ikachelewa kuwaka, na chupa zangu zikabaki juu ya meza iliyo kando ya dirisha la jua. Jioni ute ulikuwa mwepesi. Nilijiambia kwamba umeyeyuka vizuri zaidi, nikaendelea nao kwa wiki tano. Kila uzi niliouvuta ulikatika.

Nilichokuwa nacho ni supu ya kongoro. Anayepika kongoro anajua kwamba ukiichemsha kwa saa nyingi kisha ukaiacha ipoe, supu huganda ikatikisika sufuriani. Kinachoganda ni jelatini, yaani kolajeni ambayo msokoto wake wa nyuzi tatu umefumuliwa na joto. Ni chakula kizuri sana, lakini hairudi kuwa uzi. Na kolajeni iliyokwisha yeyushwa haingoji moto wa jiko. Ile ya ng'ombe hufumuka kwenye nyuzi joto 40 hivi, joto la kawaida la chumba kilichofungwa chini ya bati.

Tangu hapo sianzi kazi bila jaribio moja dogo, ambalo Jerome Gross na wenzake walikwisha kulieleza katika miaka ya 1950. Natoa mililita moja ya ute, naipunguza asidi yake hadi pH 7.4 ikiwa bado kwenye barafu, kisha naiweka kwenye nyuzi joto 37. Kolajeni nzima hujisuka yenyewe, na ndani ya saa moja chupa inageuka nyeupe kama tui la nazi. Jelatini hubaki angavu kama maji ya kunywa. Sasa wanafunzi wangu wakiingia maabara asubuhi, swali lao la kwanza ni, "Tui limetoka?"

3. Picha nzuri haishiki mfupa

Ulaya nilikuta mashine ambayo kila mmoja wetu aliitamani. Huvuta mmiminiko wa protini kwa umeme wa maelfu ya volti. Mmiminiko hukaukia hewani na kutua kwenye bamba kama utando wa buibui, nyuzi zake nyembamba mara 100 kuliko unywele. Ili kolajeni ipite humo, wengi wetu tuliiyeyusha kwenye alkoholi zenye florini. Picha za hadubini ya elektroni zilipendeza mno, nikatuma moja nyumbani, na baba akaibandika ukutani kando ya kalenda.

Kisha nikadondosha maji juu ya utando wenyewe. Ukatoweka.

Mwaka 2008 Dimitrios Zeugolis na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba alkoholi hizo huifumua kolajeni ikawa jelatini. Makala yao nilikuwa nimeisoma. Niliipita kwa sababu picha zilikuwa zangu na nilizipenda.

Njia niliyohamia ilikuwa ya zamani zaidi. Kato na Silver walitumia mbinu ya namna hiyo kutengeneza nyuzi ndefu za kolajeni na kuchapisha kazi yao mwaka 1990. Unasukuma ute kwa bomba la sindano kupitia mrija mwembamba, uingie kwenye maji yenye chumvi na polietilini glikoli, ambayo huufyonza uzi maji yake. Humo uzi unajisuka taratibu. Unautoa, unausuuza, unauning'iniza ukiwa na kijiuzito chini ili ukauke huku umevutwa, na kule kuvutwa ndiko kunakozilaza molekuli upande mmoja. Shangazi yangu aliyeolewa Unguja, ambaye amesokota kamba za makumbi maisha yake yote, aliitazama video ya kazi yangu kwenye simu akasema, "Hapo sasa. Kamba isiyovutwa ni makumbi tu." Naamini alilielewa tatizo langu kuliko baadhi ya waliosahihisha tasnifu yangu.

4. Mgonjwa ana haki ya kujua mnyama

Maabara niliyosomea ilitumia kolajeni ya ng'ombe na ya nguruwe, yoyote iliyokuwa kwenye friji. Hakuna aliyeuliza, na mimi mwenye ndugu wa dini zote sikuuliza pia. Niliporudi nyumbani nilialikwa kuzungumza na kikundi cha watu waliowahi kuvunjika. Mzee mmoja mwenye kofia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huo uzi umetoka kwa mnyama gani? Na amechinjwaje?"

Nyuma yake mama mmoja wa dini ya Kihindu akasema ana swali hilohilo, ila lake ni kuhusu ng'ombe. Nilikuwa na slaidi 30 na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu. Najua wapo wanazuoni wanaoruhusu panapokuwa na dharura. Lakini dharura hupimwa na mgonjwa pamoja na wanaomwongoza katika dini yake. Mkemia hawezi kumpimia, na kazi yangu ni kumpa chaguo lisilomlazimisha kufika huko.

Ng'ombe ana mzigo mwingine pia. Tangu serikali ya Uingereza ilipotangaza mwaka 1996 kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe unahusishwa na ugonjwa wa ubongo kwa binadamu, malighafi ya ng'ombe kwa ajili ya tiba inadaiwa ushahidi wa mnyama alikotoka. Kwa mfugo ulionunuliwa mnadani, ushahidi huo ni mgumu kuupata.

Jibu nililotafuta lilikuwa kwenye mwalo wa Kirumba, kilomita chache kutoka nyumbani kwetu. Sangara hana sehemu isiyo na mteja: minofu inakwenda viwandani, mabondo yanasafirishwa Asia kwa bei kubwa, mapanki yanauzwa kwa wasioweza kununua minofu. Ngozi ndiyo iliyothaminiwa kidogo kuliko vyote, na ngozi ya samaki imejaa kolajeni ya aina ya kwanza. John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere alichapisha mwaka 2004, pamoja na wenzake, uchunguzi wa kolajeni ya ngozi ya sangara, wakaikuta inafumuka kwenye nyuzi joto 36 hivi. Kwangu namba hiyo ilikuwa habari njema na mtihani kwa pamoja. Samaki wa bahari za baridi kali, kolajeni yao hufumuka kwenye nyuzi joto 15 hivi, ikiwa mbali mno na mwili wa mtu. Tofauti hutokana hasa na asidi amino iitwayo haidroksiprolini, ambayo samaki wa maji ya joto wanayo kwa wingi zaidi. Sangara wa ziwa letu yuko karibu kabisa nasi. Amepungukiwa nyuzi moja tu.

Nyuzi hiyo moja imekula miaka yangu miwili. Kolajeni ikishajisuka kuwa uzi huhimili joto zaidi ya ile iliyoyeyushwa, lakini ngozi ya sangara ina mafuta yanayoharibu harufu na rangi, na kila hatua ya kuyaondoa lazima ifanyike kwenye ubaridi. Akina mama wa mwaloni walinifundisha kuchuna ngozi bila kuiachia nyama, jambo ambalo hakuna kitabu kilichonieleza. Nilikuwa nikiwaamkia alfajiri, shikamoo kwa kila mmoja, nao wakaanza kunitengea ngozi za samaki waliotoka majini usiku uleule.

5. Mirunda hutolewa

Uzi mbichi ukiwekwa mwilini huliwa na vimeng'enya kabla mfupa haujafika. Kwa hiyo tunaufunga kwa viungio vya kemia. Glutaraldehaidi hufunga barabara, lakini mabaki yake ni sumu kwa seli. Jenipini, inayotokana na matunda ya gadenia, ni pole zaidi, nayo huugeuza uzi kuwa wa buluu iliyokolea. Karbodiimidi huunganisha kisha ikaondoka, haibaki ndani ya uzi. Niliichagua hiyo, na kwa kuwa nilitaka uzi usiokatika, niliitia mara kadhaa ya kipimo kilichoshauriwa.

Uzi ulikuwa imara ajabu. Seli hazikuutaka. Karbodiimidi hukamata baadhi ya asidi amino zilezile ambazo seli huzitumia kama mahali pa kushika. Nilipoziba karibu zote, seli nyingi zilielea juu ya uzi zikafa. Na hata zilizoshika hazikuweza kuula.

Fundi anapomwaga zege la ghorofa huliegemeza kwa mirunda. Akiing'oa mapema, zege linaanguka. Lakini akiipigilia misumari isitoke milele, wenye nyumba watapita wapi? Uzi wangu ni mrunda. Unatakiwa ushike miezi michache, kisha seli ziubomoe huku zikiacha mfupa wa kweli nyuma yake. Siku hizi nikisikia mtu anajivunia kiunzi kilichodumu mwilini miaka, namwuliza mfupa wenyewe ulikaa wapi.

6. Ukoko wa nje

Madini nayo nilitaka kuyalazimisha. Kuna maji maarufu yenye chumvi zinazolingana na za damu, kazi ya Tadashi Kokubo wa Kyoto. Ukiloweka nyuzi humo kwa siku kadhaa zinavaa madini. Zangu zilivaa ukoko, kama ule unaoshika ndani ya birika la maji ya kisima, na zilipopindwa ukoko ukapukutika. Madini yalikuwa nje ya uzi, wakati mfupa huyaweka ndani, katika zile nafasi za nanomita 40. Laurie Gower wa Florida alionyesha kwamba ukitia kiasi kidogo cha asidi ya poliaspatiki, inayoiga protini za asidi zilizomo mfupani, madini hayaharakishi kuganda. Hubaki katika hali ya kimiminika muda wa kutosha kupenya ndani ya uzi, na huko ndiko hugeuka fuwele. Nilipoijaribu mara ya kwanza sikuona ukoko wowote, nikadhani nimeshindwa. Nikauchoma uzi mmoja: majivu meupe yalibaki na umbo la uzi.

7. "Na bila seli?"

Hili ni fupi kwa sababu bado linaniuma. Kuna rangi nyekundu, alizarini, inayoshika kalsiamu. Nilipanda seli za mfupa kwenye nyuzi zenye madini, nikatia rangi baada ya wiki tatu, na kila kitu kikawa chekundu kama kitambaa cha Kimasai. Niliwasilisha matokeo hayo mbele ya idara nzima. Profesa mstaafu aliyeketi nyuma aliuliza kwa upole, "Na bila seli?" Sikuwa nimetia rangi nyuzi tupu. Nilipofanya hivyo kesho yake zilikuwa nyekundu vilevile, kwa madini niliyoyatia mwenyewe. Miezi sita ya kazi haikuonyesha chochote kuhusu seli. Siku hizi chombo kisicho na seli ndicho tunachokiandaa kwanza.

8. Damu inahitaji njia

Tulipopata kibali cha kamati ya maadili, tuliweka nyuzi kwenye pengo la milimita 15 katika mfupa wa mguu wa mbele wa sungura. Nilizifunga zikabanana kama fagio, nikifikiri kolajeni nyingi ni mfupa mwingi. Baada ya wiki nane mfupa mpya ulikuwa umezunguka fungu kwa nje kama gamba, na katikati palikuwa pakavu. Hakuna mshipa wa damu uliofika. Nilikuwa najua kwamba matundu yanapaswa kuzidi maikromita 100, na kwamba yanayofika 300 hupitisha mishipa vizuri zaidi. Lakini nilikuwa nimepima matundu ya uzi mmoja mmoja, sikupima ya fungu zima.

Sasa tunazisuka kama ukili uliolegea, ukiushika juani unaona mwanga ukipenya. Katikati pakaanza kujaa. Si kwa kila sungura, na sitaandika vinginevyo.

Wenzangu wengi hunishauri niongeze protini zinazochochea mfupa. Marshall Urist alizigundulia njia mwaka 1965, alipoona mfupa uliotolewa madini ukizaa mfupa mpya hata ndani ya msuli. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha mojawapo ya protini hizo kwa upasuaji wa uti wa mgongo, ikibebwa na sifongo la kolajeni. Zinafanya kazi, lakini kipimo chake hudai uangalifu mkubwa: mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kuhusu uvimbe wa koo ulioweza kuziba pumzi, pale ilipotumiwa shingoni. Na bei yake haimfikii mtu aliyepanda bodaboda kwa sababu hana nauli ya teksi. Nimechagua kuanza na damu ya mgonjwa mwenyewe, na uzi ulioiachia nafasi.

9. Mpe daktari bingwa auminye

Nilikaa miaka tisa bila kumpa daktari wa mifupa uzi mkononi. Niliyempa hatimaye alivaa glavu, akazilowesha, akauminya ukili wangu mara tatu. Ulimnata kwenye vidole, na nilipoutoa ulikuwa umepoteza matundu yote.

"Dada, hapa ndipo ninapofanyia kazi," aliniambia. "Kuna damu, kuna maji, na nina dakika mbili." Kisha akauliza utatunzwa kwenye friji gani, na utasafishwaje vijidudu ikiwa hauchemshiki. Maneno hayo yalibadilisha kazi yangu kuliko makala 300. Sasa ukili unakaushwa kwenye ubaridi na kufungwa ukiwa mkavu, ukae kwenye kabati. Miali ya gama inaua vijidudu lakini pia inakata molekuli, kwa hiyo tunapima nguvu ya uzi baada ya miali, kamwe si kabla. Kunata bado hatujakumaliza.

Mwezi uliopita kaka alipita maabara akielekea sokoni. Anatembea vizuri, huwezi kujua mguu upi ulivunjika mpaka apande ngazi. Nilimpa uzi mmoja mkavu wa sangara. Aliuzungusha kwenye kidole, akauvuta, akauvuta tena kwa nguvu zaidi. Haukukatika.

"Huu ndio ungekuwa badala ya nyonga?"

"Bado," nilimwambia. "Uko kwa sungura."

Aliufungua kidoleni polepole, akaukunja, akaniuliza kama anaweza kubaki nao. Nilimkatalia, kwa kuwa ulikuwa na namba na ulipaswa kupimwa siku ya Jumatatu.